Mayai ya Ukuta wa Hekalu

Vijana wa ofisi ya majumba ya kale mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi "kabla sijasahau". Kwa adabu yenu hamkusema "kabla hujafa", lakini nimeelewa. Mwiko nimeuweka chini mwezi uliopita. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwani karani wa utumishi anavyo vyote katika faili lake na sijaona mtu aliyejifunza kupiga lipu kwa kuvisoma. Nitaandika kazi moja tu, ile iliyonipa jina hapa Maskati, kwa sababu jina lenyewe nililipata kwa njia ambayo sijapata kuieleza.

Nilifika mwaka 1964, mimi na mama yangu, sanduku moja la nguo na mfuko wa zana. Unguja tuliiacha kwa haraka mliyokwisha kuisikia kwa wazee wenu. Siku zile mtu wa Unguja hakuingia Maskati hivi hivi, na sisi tuliingia kwa dhamana ya ami yangu, aliyekuwa na duka la mchele Matrah. Alitupa chumba kimoja juu ya duka, akanikalisha chini. "Nimekudhamini kwa jina langu, Khalfan," akasema. "Kazi utakayopata, ifanye watu wakusifu. Ukitia aibu moja tu, hapa hapana atakayekupa ya pili, wala mimi sitakuwa na uso wa kukuombea." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na maneno yale nilikwenda nayo kazini kila siku.

Uashi nilisomea Unguja kwa Fundi Haji wa mtaa wa Malindi, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa akionja chokaa kwa ncha ya ulimi ajue kama imeiva. Fahari yake ilikuwa tabaka la mwisho la lipu. Alichukua chokaa iliyokaa shimoni miezi sita, akaichunga kwa kitambaa, akaichanganya na ute wa mayai, kisha akaisugua ukutani kwa jiwe laini la pwani mpaka ukuta ukang'aa, ukaona kivuli chako ndani yake. "Ute tu," akituambia. "Kiini mpelekee mama yako." Sikuwahi kuona ukuta wa Fundi Haji uliochubuka.

Hapa nikaangukia kwa Usta Salum, fundi mzee wa uashi; "usta" ndiyo "fundi" yao. Mimi saruji niliyoijua ni ya mfuko. Yake ilikuwa udongo wa mashamba ya mitende, unaochomwa siku nzima nzima juu ya magogo, kisha ukapondwa na kuchungwa. Siku ya kwanza hakunipa mwiko. Alinipa rungu, akanionyesha rundo la udongo, akaenda zake kivulini. Nilipiga mpaka alasiri. Siku ya pili nikapiga tena. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani, nilijua kumhimidi Mungu lakini sikujua kuomba ndoo, kwa hiyo hata kulalamika sikuweza. Siku ya nne alinitazama viganja, akaona malengelenge yamepasuka na sijaacha kazi, ndipo akaniambia niukamate mwiko. Kuanzia hapo tulikuwa pamoja mpaka alipofariki.

Miaka miwili tulitengeneza mabirika ya maji, mifereji na kuta za watu. Wakati ule huwezi kugusa nyumba yako mwenyewe bila ruhusa kutoka juu, basi siku za kungoja zilikuwa nyingi kuliko za kazi. Lango la mji wa Maskati lilifungwa usiku na mimi nikilala Matrah, ng'ambo ya mlima, kwa hiyo alasiri kazi ilikwisha, imemalizika au haikumalizika. Nyinyi mnaotoka Mabela kwa gari na kulalamikia msongamano, fikirini kuuvuka mlima ule kwa miguu, na karai kichwani.

Mwishoni mwa 1966, joto lilipopungua, nilikuwa juu ya ubao nikiziba ufa wa nyumba moja ndani ya mji. Nikasikia mtu ananiita kutoka chini kwa Kiswahili safi cha mjini Unguja.

"Wee, ndiwe mtoto wa Unguja?"

Nusura nianguke. Chini alikuwa amesimama mzee wa Kihindi mwembamba, kofia nyeusi, miwani imefungwa uzi sikioni. Huyo ndiye Bhai Manilal, muuza nguo. Alikuwa na duka Hurumzi, mjini Unguja, miaka kumi na minane kabla hajahamia Maskati, na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Aliponiona nashuka alinisalimia kama vile tulikuwa tumeachana jana yake.

"Nna ukuta mgonjwa," akasema. "Ushatibiwa na mafundi watatu, na kila mmoja kauzidishia."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa hekalu la Wahindu, la zamani sana, kichochoro kimoja kutoka sokoni. Chumba cha ndani, lilimo jiwe wanaloliabudu, sisi hatukuingia. Ukuta mgonjwa ulikuwa wa ukumbi, ule unaoelekeana na mlango wa chumba hicho, na upande wa pili wake kuna kisima. Lipu ilikuwa imevimba na kudondoka vipande vipana kama sahani. Bhai Manilal alisimama mbele yake akanieleza habari zake, na alizieleza bila ya kutabasamu.

Zamani, kabla ya Wareno, tajiri mmoja wa Kachchi, kule Bara Hindi, aliwajengea watu wake hekalu, akawaambia kuwa jiwe amelibeba yeye kutoka kwao. Ukuta ule ukajengwa, ukapigwa lipu, asubuhi lipu yote iko chini. Ikapigwa mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu yule tajiri akasimama mbele ya watu akakiri kwamba jiwe alilibeba kizee mmoja mjane, mapajani mwake, safari nzima, na yeye alilichukua bandarini tu. Siku hiyo lipu ikashika.

"Tangu hapo," akasema Bhai, "ukuta huu unatema uongo."

Mimi nilipapasa ukuta, nikaonja kidole. Ulikuwa unatema chumvi. Maji ya kisima yalipanda ndani ya mawe yakabeba chumvi, na wale mafundi watatu wameuziba kwa saruji ya mfuko, usipumue. Maji hayakuwa na pa kutokea ila kwa kuisukuma lipu. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na saruji ya mfuko kwenye nyumba ya kale si uongo?" Mpaka leo kila nikiona mtu anapaka saruji kwenye ukuta wa udongo namkumbuka.

Ruhusa ilipotoka, tukakubaliana kumaliza kabla ya Shivaratri, usiku wao mkubwa wa ibada, mwanzoni mwa 1967. Tulibandua saruji yote kwa patasi. Tukaupiga ukuta brashi, tukauosha kwa maji matamu, tukaungoja utoe chumvi kama unga, tukaupiga brashi tena. Wiki tano tulifanya hivyo na wafanyabiashara wakipita wanauliza kama tunalipwa kwa kupangusa. Kisha tabaka la kwanza na la pili, chokaa na saruji ya Usta. Yalishika.

Nataka mjue kuwa nilijichunga sana. Wahindu wa Unguja nimekua nao, najua hawali nyama. Viatu vya ngozi niliviacha nje ya lango. Brashi yangu ya manyoya niliiacha nyumbani nikatengeneza nyingine ya makumbi. Bhai Manilal aliona, akanisifu kwa adabu, na mimi nikajiona mjuzi. Lakini ilipofika tabaka la mwisho nikataka kumpa ukuta wa Fundi Haji. Mama akakusanya mayai kwa wanawake wa Matrah, sitini kamili, akatenga ute nyumbani, mimi nikauchanganya na chokaa pale pale, nikauingiza hekaluni ndani ya makopo. Halikunipitia kichwani neno lolote. Kwangu yai lile halikuwa chakula, lilikuwa kifaa cha kazi, kama mwiko. Viini tulikula siku tatu, sisi na majirani, mpaka mama akasema hataki tena kuviona.

Ukuta ukatoka. Niusifu mwenyewe, kwa sababu haupo tena. Ulikuwa mweupe wa maziwa na umeteleza, na asubuhi jua likipenya mlangoni ulionyesha taa na kengele iliyoning'inia mbele yake. Bhai Manilal alikuja, akavua miwani, akaivaa tena. "Nikitazama hapa niko Hurumzi," akasema. Akatoka nje.

Siku mbili baadaye, zilipobaki siku kumi na saba kufika Shivaratri, nilikaa uani kwenye kivuli cha kisima kula. Mama alinifungia mkate na mayai mawili ya kuchemsha. Bhai akanijia taratibu, kama mtu anayeona haya.

"Mwanangu, niwie radhi. Hayo kayalie nje ya lango."

"Si nyama, Bhai. Mayai tu."

"Yai kwetu ni uhai. Tangu jiwe lile liwekwe, humu halijapata kuingia yai." Akacheka kidogo. "Hata Wareno hawakutuletea."

Nilitoka na kitambaa changu. Nilisimama kichochoroni nikiutazama mlango wa hekalu, na humo ndani, mbele ya jiwe lao, ute wa mayai sitini umetandazwa ukuta mzima, na nimeutandaza mimi.

Nilimwambia Usta Salum siku ile ile. Alifikiri, akajikuna ndevu. "Ya Khalfan, yai limeshakuwa jiwe. Ukinyamaza humuumizi mtu. Ukisema, utawaumiza wao, utajiumiza wewe, na ami yako utamuumiza. Nyamaza, khalas." Alikuwa mtu mcha Mungu na hakusema kwa ubaya. Nami nikanyamaza. Niliyaona maneno ya ami mbele yangu, na mama katika kile chumba kimoja, na watu wa Maskati wakisema ndiye yule aliyewanajisia Wahindu hekalu lao.

Nilinyamaza siku tatu. Mimi ni Muislamu, hadithi ya ukuta unaotema uongo haikunihusu, lakini kila asubuhi nilikwenda kuupapasa kwanza. Nilikuwa nataka upasuke. Ungepasuka ningesema ni chumvi, tungeubandua na mambo yangekwisha. Haukupasuka. Ulizidi kung'aa, na Bhai Manilal alizidi kuleta watu wauone, na kila aliyemsifu, yeye alimwelekeza kwangu na kwa Usta. "Semeni na hawa. Mimi nilishika taa tu."

Siku ya nne alikuwa peke yake mbele ya ukuta, ameweka kiganja juu yake. Nikamwambia. Sikutafuta maneno, nilisema tu: "Bhai, mng'aro huu ni mayai. Sikujua."

Hakunigeukia. Aliondoa kiganja chake ukutani, akakitazama.

"Mangapi?"

"Sitini."

Akakaa chini, juu ya mawe. "Kuku wote wa Matrah," akasema, kama anayejisemea, na lau angenipiga ningeona nafuu. Kisha akauliza, "Nani anajua?"

"Usta. Na mama, lakini yeye hajui kama ni kosa."

"Nenda nyumbani. Usimwambie mtu. Kesho njoo, lakini usije na zana."

Nilirudi Matrah nikijua nimekwisha. Mama nilimweleza yote. Alilia kidogo, halafu akanitolea shati langu jeupe la Idi. "Ushasema, mwanangu. Sasa usimkimbie. Nenda ukamtazame usoni, akitaka kukufukuza akufukuze umevaa vizuri."

Asubuhi nilikuta watu kichochoroni wananong'ona. Ndani nilisikia kwaruzo la chuma juu ya jiwe. Bhai Manilal alikuwa amesimama juu ya kigoda, mweupe wa vumbi la chokaa kuanzia kofia mpaka kucha, ananikwangulia ukuta wangu. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Kuanzia chini mpaka mkono wake ulipofikia, tabaka la mayai halikuwepo tena. Aliponiona alininyooshea kikwaruzo.

"Juu sifiki," akasema.

Nilikishika. "Watu umewaambia nini, Bhai?"

"Maharaj nimemwambia kweli, maana kutakasa ni kazi yake." Maharaj ndiye kuhani wao. "Wengine walikuja alfajiri kuomba, wakaikuta lipu iko chini. Nimewaambia ukuta umetema."

"Watauliza uongo wa nani."

"Washauliza. Nimesema wangu. Nimesema mbele yenu tu ndipo niliwataja nyinyi mafundi; nikitoka mjini nilijisifu kwamba dawa ya ukuta nimeigundua mimi, na nyinyi sikuwataja. Ndiyo ukuta umekataa."

"Lakini hukusema hivyo hata siku moja!"

"Sasa nimesema. Kwangua, siku hazitungojei."

Nilikwangua nimevaa shati la Idi, na machozi yakichanganyika na vumbi mpaka macho yakaniwasha. Chokaa na machozi havipatani, hilo nalo mliweke akilini. Usta Salum alipokuja aliangalia ukuta, akaniangalia mimi, akamwangalia mzee, akavua kilemba akakunja mikono ya kanzu. Alisema mara moja tu, alasiri, "Tungenyamaza, sasa hivi tungekuwa tumelala." Lakini kikwaruzo chake hakikusimama.

Maharaj aliosha sakafu na ukuta akasoma aliyoyasoma. Kisha Bhai akatufundisha dawa ya bibi yake wa Kachchi: chokaa iliyochungwa, maji ya sukari guru, na maji ya choroko zilizolowekwa mpaka zikateleza. Nilijaribu kwanza juu ya ubao, mara tano, nikiandika vipimo, na vipimo hivyo mnavyo kabatini. Choroko zikizidi, lipu inapasuka. Sukari ikizidi, wanakuja sisimizi. Tulimaliza siku mbili kabla ya Shivaratri. Ukuta haukung'aa kama wa kwanza. Rangi yake ilielekea kwenye samli, na ulipoupapasa ulikuwa laini, lakini uso wako huuoni.

Siku ya sikukuu, mchana, wazee wao walituita mimi na Usta pale langoni. Kwa kuwa ukuta umeadhibu kutotajwa kwa mafundi, kila mmoja alitaka kututaja. Waliita majina yetu kwa sauti, jina la baba na la babu, wakatupa nazi na peremende, na ami yangu alikuwepo, amejipaka udi, anapokea pongezi kama bwana harusi. Nilimtafuta Bhai Manilal kwa macho. Alikuwa amekaa nyuma ya wote, karibu na viatu, mahali pa mtu aliyepatikana na kosa. Aliponiona namtazama alinyanyua mkono, akanifukuza kwa vidole niende nikapokee nazi yangu.

Baada ya hapo kazi hazikunipungua. Hata mambo yalipobadilika 1970, akaja Sultani mpya, wakubwa wapya wakatafuta mtu anayejua chokaa, walielekezwa kwangu, na ndivyo nilivyoingia ofisini mwenu. Bhai Manilal alipata jina pia. Sokoni walimwita Bwana Mimi. Akipita, vijana wa maduka walimuuliza leo amegundua dawa gani. Alikuwa anacheka. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba nitasema kweli, akanikataza.

Mwaka huo huo wa 1970 aliondoka kurudi Kachchi kwa binti yake. Nilimsindikiza na mzigo wake. Nikamwambia, "Bhai, sasa unaondoka, niruhusu."

"Una mke sasa, una mtoto njiani. Unadhani watampa kazi mtu wa mayai?" Akanishika bega. "Useme siku utakayoweka mwiko chini. Tena uwaambie wadogo zako wa kazi, wasiulize tu watu wanakula nini. Waulize na ukuta unakula nini."

Barua zake zilikuja miaka sita, za Kiswahili, kwa herufi za Kigujarati ambazo nilitafuta mtu wa kunisomea. Kisha zikakatika.

Wiki iliyopita mwanangu alinichukua kwa gari mpaka Maskati. Nilikaribishwa ukumbini, nikaweka kiganja ukutani. Hapana uvimbe, hapana ufa. Kijana mmoja wa kwao alikuwa anawaeleza wageni habari za ukuta, na nilipenda alivyoeleza, jiwe na kizee na mapaja. Halafu akaendelea: hata juzijuzi, zama za babu zake, palikuwa na mzee mmoja mwenye majivuno, Manilal, aliyejisifia kazi ya watu, na ukuta ukaitema lipu yake usiku mmoja. Wageni wakacheka. Niliinua mkono niseme neno, mwanangu akadhani nimechoka akanirudisha garini.

Basi naandika. Miaka yote hii ukuta ule umebeba uongo wa mzee yule na haujatema hata punje, na sidhani kama utatema. Kwa hiyo itabidi niseme mimi. Bhai Manilal hakujisifu hata siku moja. Mayai yalikuwa yangu.